Mama Aliyeitwa Trekta

Kila asubuhi, kabla sijaitikia shikamoo ya mtu, naweka vidole viwili shingoni. Wajukuu wangu wamezoea. Wananiita Daktari wa Shingo na kucheka. Nasikiliza mapigo, nameza mate, napapasa chini ya koo kushoto na kulia, kisha ndipo naianza siku kwa hasira ile ile niliyoamka nayo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na miguu isiyotulia. Nimefundisha baiolojia miaka mingi nikitembea kati ya madawati tangu kengele hadi kengele, na mkuu mmoja wa shule aliwahi kuniuliza kama kiti changu kina kunguni. Sikumjibu vizuri.

Ninachokitafuta shingoni ni kitu kilichompata mama yangu miaka ya vijiji vya ujamaa. Sijakipata bado. Nitaendelea kukitafuta.

Habari ya mama lazima ianzie kwenye uvivu, maana hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo kwanza. Tulikuwa tunakaa upande wa Ulaya, ile ya huku kwetu Kilosa, mimi na yeye. Baba alikuwa mkata mkonge. Baada ya Uhuru aliufuata mkonge mpaka Tanga, na tangu hapo akawa habari tu ya kusikia kwa wapita njia. Mama akabaki analima peke yake, na alilima polepole. Aliling'oa gugu, akalitazama, akalitupa, akanyoosha mgongo, akaimba kidogo, ndipo akaliinamia la pili. Shangazi zangu walisema analima kama anayembembeleza mtoto alale. Walisema ndugu yao hakukimbia umaskini, alikimbia mwendo wa mkewe. Nilikuwa mdogo na maneno hayo yaliniuma sana. Mama aliyacheka pamoja nao, lakini wakishaondoka alikaa kimya mpaka jioni. Chakula hatukukosa. Mtama wetu uliiva sawasawa na wa watu wepesi.

Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, tulipewa kiwanja huku bondeni, upande wa kuelekea Mikumi, mahali ambapo mpaka jana yake palikuwa pa nguruwe pori na nyani. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Tuliahidiwa shule, zahanati, bomba la maji na trekta. Shule ilikuja, ya nyasi. Zahanati ilikuja, ikiwa na mhudumu mmoja na klorokwini. Trekta lilikuwa linakuja. Katika kila mkutano mwenyekiti wa kijiji alitueleza lilipofikia: liko Morogoro, liko Kilosa, linasubiri spea. Shamba la ujamaa lilikuwa limekwisha kupimwa kwa ukubwa wa kulimwa na trekta, na kwa kuwa lilikuwa limekwisha kupimwa, tulililima hivyo hivyo kwa jembe la mkono.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi, mjane wa mkata mkonge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye na sisi tulikuwa watani, utani wa tangu enzi za misafara ya kwao iliyopita kwetu ikienda pwani. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku wako, akampika, kisha akakualika ule. Anaweza kukutukana msibani, akalala mahali pa maiti akadai alipwe ndipo ainuke. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye makosa, na watu wote wanaweza kumcheka. Mtani wetu huyu aliitumia ruhusa yake kikamilifu. Mama alimwita mwizi, yeye alimwita mama kobe, na walipendana kweli.

Nilichaguliwa kwenda sekondari mjini Kilosa, nikakaa bweni. Niliporudi likizo nilikuta mama ana jina jipya.

"Trekta limefika!" alinipokea mtani kabla sijashusha sanduku. "Wewe uko shuleni hujui. Mwenyekiti alituahidi trekta, sasa tumelipata. Halitumii dizeli, linatumia ugali."

Alikuwa anamsema mama yangu. Mama ndiye alikuwa wa kwanza kufika shamba la ujamaa na wa mwisho kutoka. Alimaliza ngwe yake, akaingia ya jirani, akaimaliza, akatafuta nyingine. Wanaume waliona haya, wakaongeza bidii. Mwenyekiti alikuwa akisimama pembeni ya shamba akisema, "Tazameni mwenzenu! Uhuru na kazi!" Hakuna aliyekumbuka tena kobe. Katika mkutano wa hadhara alipewa jembe jipya na doti ya khanga, na mwenyekiti akasema chanda chema huvikwa pete. Mama alilipokea jembe mikono ikimtetemeka. Tulidhani ni haya ya kusimama mbele za watu. Nililia kwa fahari, nikatamani shangazi zangu wa Ulaya wangekuwepo waone.

Kuna msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama hakulitia maji hata kidogo. Alivyozidi kusifiwa ndivyo alivyozidi kulima.

Ilikuwa miezi ya baridi. Asubuhi watu wa bondeni tulijifunika khanga mbilimbili na wazee walivaa makoti ya mitumba. Mama alikuwa amevaa khanga moja, kifuani, na jasho lilimtiririka kwenye mgongo. Alijimwagia maji kisimani mbele ya wanawake wanaotetemeka. Alikula sahani yangu na yake, kisha akakwangua ukoko sufuriani, na baada ya muda mfupi alikuwa anachoma muhogo. Lakini mifupa ya mabega yake ilikuwa imetoka nje. Macho nayo yalikuwa yametokeza, yakawa kama ya mtu aliyeitwa ghafla kwa nyuma. Hakuweza kuketi. Akiketi, goti lilicheza. Akiongea, aliruka kutoka jambo hadi jambo, na akikusikiliza alikuwa tayari amekwisha kuinuka.

Nilimpeleka zahanati. Mhudumu alimgusa paji la uso, akasema ana homa, akampa klorokwini. Tulirudi akapewa tena. Balozi wetu wa nyumba kumi alinicheka. "Huo ni moyo wa kazi, binti. Wewe umezoea kukaa darasani." Mama naye alinijia juu. Aliniambia nisimtafutie ugonjwa kama watu wanavyotafuta kasoro ya mwari.

Siku moja mtani aliingia kama kawaida yake, akachukua sufuria ya ugali iliyokuwa bado motoni, akatoka nayo uani akiimba. Mama alimfuata na mwiko, akampiga nao begani. Hakumpiga kwa mchezo. Alimpiga, akamtukana kwa sauti ya kweli, na povu mdomoni. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha michi. Mtani alisimama na sufuria yake, hakucheka. Baadaye alinifuata mtoni.

"Mwanangu," aliniambia, "mama yako anaumwa. Mtu mwenye akili zake na afya yake hamkasirikii mtani."

Yeye peke yake ndiye aliyesema hivyo katika kijiji kizima. Siku ya kurudi shule mama alinivisha shanga zake nyeusi, zile alizovaa shingoni tangu nilipopata akili. Alisema siku hizi zinambana. Nilizipokea nikafurahi, na nilikuwa ndani ya treni, ile inayopita Mikumi ikitoka Kidatu kwenda Kilosa, ndipo nilipowaza: mwili wote umekonda, khanga zinamvuka, imekuwaje shanga ndizo zimembana?

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana kutoka milima ya Mamboya. Alifundisha kwa Kiingereza mlango ukiwa wazi, akaufunga na kufundisha kwa Kiswahili tulipokuwa hatuelewi, yaani karibu kila siku. Muhula ule alitufundisha jinsi seli inavyopata nguvu. Alichora ubaoni kitu kama dengu, ndani yake utando uliokunjwakunjwa, akasema hii ni mitokondria, na kila seli inayo kwa wingi. Humo ndimo chakula kinapokutana na hewa tunayovuta.

"Chakula hakiungui kwa mkupuo kama nyasi," alisema. "Kinapokezanwa. Kuna chembe ndogo zinatolewa ndani ya chakula, zinapitishwa mkono kwa mkono ndani ya ule utando, mpaka wa mwisho anayezipokea ni oksijeni. Hapo inakuwa maji. Na katika kupokezana kule ndipo nguvu inakamatwa, inafungwa ndani ya kitu kinachoitwa ATP. Misuli haijui ugali. Misuli inajua ATP."

Akatuambia jambo lililonikosesha utulivu mpaka leo: kwamba mwili hauna ghala la ATP. Iliyopo ni kidogo sana, inatumika na kutengenezwa upya papo hapo, ukiwa macho, ukiwa umelala, ukiwa unasali. Kijijini kwetu tulikuwa na ghala, hata kama mara nyingi lilikuwa na panya tu. Seli haina hata hilo. Kazi ikisimama, hakuna akiba ya kesho.

Jinsi hasa nguvu inavyokamatwa alikiri kwamba wakubwa bado wanabishana. Mimi nilikuja kuijua vizuri nilipokuwa mwalimu mwenyewe, na nilipoijua nilikumbuka mfereji wa mjomba wangu kule Malolo. Mjomba alilima vitunguu kwa maji ya mfereji. Maji yalizuiwa nyuma ya tuta mpaka yakajaa, kisha yakaachiwa mahali pamoja, mlangoni, yakaenda shambani. Utando wa mitokondria ni tuta la namna hiyo. Kila mara zile chembe za chakula zinapopokezanwa, chembe za hidrojeni zinasukumwa upande wa pili wa utando, zinasongamana kule, zinataka kurudi. Mlango wa kurudia ni mashine ndogo inayozunguka. Zikipita, inazunguka, na ikizunguka inaunganisha ATP. Sasa adui wa mjomba wangu alikuwa kaa wa mtoni. Kaa alitoboa tuta, maji yakapita kwenye tundu lake, yakipiga kelele na kwenda kwa kasi, na vitunguu vikanyauka. Mtu aliyesimama mbali angesema mfereji unafanya kazi kweli kweli.

Siku ile darasani nilikuwa bado sijui habari ya tuta. Nilinyoosha mkono tu, nikauliza, "Mwalimu, je, chakula kikiungua chote na nguvu isikamatwe?"

Aliweka chaki chini. "Basi itatoka kama joto. Mtu huyo atakula sana na atakonda. Atatoka jasho wakati wa baridi. Walikuwepo wafanyakazi wa viwanda vya baruti huko Ulaya, Ulaya ya wazungu, si ya kwenu. Walivuta dawa fulani iliyoutoboa utando. Walichemka wakiwa hai mpaka wakafa."

Darasa lilicheka kwa ile Ulaya. Mimi sikucheka. Kengele ilipolia nilimfuata, nikamweleza habari za mama tangu mwanzo: jasho, ugali, macho, mikono, mwiko. Alinisikiliza akifuta ubao. Kwao milimani watu wengi walikuwa na rovu, alikulia katikati ya shingo zilizovimba.

"Shingo yake ikoje?" aliuliza.

Nilivua shanga nikamwonyesha, nikasema siku hizi zinambana mama. Akazikunja kiganjani, akasema kuna tezi shingoni inayoziamrisha seli zote ziongeze moto au zipunguze. Ikirukwa na akili, amri haikomi. Seli zinaongeza mitambo, zinachoma, nguvu nyingine inavuja bure kama joto, na moyo unalazimika kukimbia kuzilisha. "Mpeleke hospitali," alisema. "Usingoje likizo. Kinachoanza kuchoka ni moyo."

Mkuu wa shule alinipa ruhusa. Nilifika kijijini nikiwa na mpango mzuri na maneno niliyoyapanga njia nzima. Mama aliyasikiliza akiwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

"Keshokutwa anakuja mkubwa wa wilaya," alisema. "Mwenyekiti anataka nisimame mbele, nilime ngwe ya mfano. Ndipo tutaomba trekta. Hospitali baadaye."

"Mama, moyo wako..."

"Moyo wangu una nini? Miaka yote nimeitwa mvivu. Baba yako kaniacha nikiitwa mvivu. Leo ndio nimekuwa mtu, wewe unataka wanitibu. Wanitibu niwe nani?"

Nilimshika mkono kwa nguvu, nikatafuta mapigo kama mwalimu alivyonielekeza, nikashindwa kuyahesabu kwa jinsi yalivyofuatana, mengine yakirukiana. Akanipokonya mkono wake. Nilikwenda kwa mwenyekiti. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana alinikasirisha zaidi. Alinikaribisha kiti, akasema anamheshimu sana mama yangu, akasema mkubwa akishaondoka yeye mwenyewe atatoa baiskeli ya kumpeleka stesheni. Nikamwambia huenda akaanguka na jembe mkononi mbele ya huyo mkubwa. Akatabasamu.

"Binti yangu, hakuna aliyewahi kufa kwa bidii."

Nilitoka bila kuaga. Nilizunguka kijiji mistari yote, nikirudi pale pale, nikiwa na hasira na mama, na mwenyekiti, na lile trekta lisilokuja, na mwalimu aliyenipa jambo la kujua bila kunipa nguvu ya kulitenda. Miguu ilinipeleka kwa mtani. Nilimkuta anasuka kamba ya mkonge. Nilimweleza tezi na mitokondria na mengine yote. Nadhani hakushika hata nusu.

"Atakufa?" aliuliza.

"Atakufa, mama. Hajui kuacha."

Aliivuta kamba kupima kama imekaza. "Kesho asubuhi funga mizigo yenu," alisema.

Kesho yake watu walikuwa wanakusanyika kwenda shambani kufanya mazoezi ya mapokezi. Mama alikuwa amekwisha kufika uwanjani na jembe lake la zawadi, anazungukazunguka, anawaharakisha wenzake. Mtani alitokea nyuma akiimba wimbo wa misafara, mnene, taratibu, kamba begani. Akamzunguka mama, akamkumbatia na jembe lake, akamfunga mikono kwa mafundo mawili ya haraka.

"Nimemkamata mtumwa wangu!" alipaza sauti. "Babu zake walikula chumvi ya babu zangu njiani hawakulipa. Nani anamkomboa?"

Watu waliangua kicheko. Ndivyo utani ulivyo: mtani akikufunga, hufunguliwi mpaka ukombolewe, na ukombozi anautaja yeye. Mama alipiga kelele, akakumbuka mwiko wa siku ile na jinsi watu walivyomtazama, akakaza meno. Mwenyekiti alikuja mbio. Alianza kwa kucheka pia, akatoa jogoo. Mtani akamkataa. Akatoa mbuzi. Mtani akasema mbuzi wa mwenyekiti ana upele.

"Unataka nini basi, mtani? Kesho tuna mgeni!"

"Nataka trekta," alisema mtani. "Nileteeni lile la kweli, nami nawaachia hili. Kama liko Kilosa, tutakutana nalo njiani, maana tunaelekea huko huko."

Sijawahi kusikia kijiji kikicheka vile. Walicheka mpaka wakashikana. Mwenyekiti akasogea, akatupisha. Angemkasirikia mtani mbele ya watu angejidhalilisha, na trekta hakuwa nalo. Tukapita katikati yao: mtani mbele ameshika kamba, mama katikati akitembea haraka kuliko anayemvuta, mimi nyuma na sanduku na lile jembe. Mpaka tunatoka kijijini watoto walikuwa wanatufuata wakiimba. Mtani hakumfungua mpaka treni ilipoondoka stesheni ya Mikumi, na hapo ndipo nilipoona mtani mwenyewe analia.

Ndani ya behewa mama hakukaa. Alikwenda na kurudi, akashika dirisha, akaliacha, akaninunia. Nilimtazama nikawaza kwamba ndani yake kila seli inafanya vivyo hivyo, haina pa kuketi. Sijawahi kuiona safari fupi ikiwa ndefu vile.

Hospitalini Kilosa daktari alimwambia anyooshe mikono mbele, akamwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akaishika shingo yake kwa nyuma, akamwambia ameze mate. Kisha akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akaniuliza mimi, si yeye, "Alikuwa anafanya kazi gani na hali hii?" Nikasema alikuwa anapewa zawadi. Alinitazama akidhani namfanyia dhihaka. Akasema moyo ule ulikuwa umebakisha siku chache za jua na jembe. Akamlaza, akampa dawa za kuituliza tezi, na alipopata nguvu ya kusafiri akapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam, wakaipunguza kwa kisu.

Aliporudi kijijini mvua zilikuwa zimeanza. Nilikuwa likizo. Mama alikuwa amenenepa kidogo, ana kovu jembamba shingoni mfano wa mkufu, na macho yamerudi mahali pake. Alilala usingizi wa kukoroma. Alijifunika khanga mbili asubuhi. Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yenyewe.

Tulikwenda naye shamba la ujamaa. Trekta lilikuwa bado linasubiri spea. Mama aliinama na jembe lake la zawadi, akang'oa gugu, akalitazama, akalitupa, akanyoosha mgongo. Wanawake walimaliza ngwe zao wakamwacha nyuma, kwanza mmoja, kisha wote. Kijana mmoja akasema trekta limeua injini, wengine wakacheka, na hicho hakikuwa kicheko cha utani. Mwenyekiti alipita pembeni. Alimsalimu vizuri, akamwambia, "Pumzika mama, wewe mgonjwa," halafu akageuka kuwahimiza wenye nguvu. Uso wa mama ulishuka. Niliujua uso ule, ndio ule wa Ulaya shangazi wakishaondoka.

Akasimamisha jembe, akaegemea mpini.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Hili jembe nilipewa mimi, au ilipewa tezi?"

Nilikuwa na utando, na oksijeni, na kila nilichofundishwa. Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa yeye, lakini angejua nasema ili kumridhisha. Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa tezi, na hilo nisingeweza kulisema hata kwa kulipwa.

Mtani alikuwa ngwe ya pili. Hakuinua kichwa.

"Tezi si imebaki Dar es Salaam?" alisema. "Kama jembe ni lake, mbona haikuja kulidai? Kobe we, tezi yako ilinipiga mwiko, ikanitukana, na haikuwahi hata kuniimbia. Mimi nilikufunga kamba nikurudishe wewe. Hao wengine walitaka trekta, waache wangoje trekta."

Mama alimtazama. Midomo ilimtetemeka, nikadhani atalia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita mwizi wa ugali, akamwita mfanyabiashara wa watumwa. Kisha, jua likiwa bado juu, ngwe yake ikiwa haijafika nusu, mbele ya mwenyekiti na kijiji kizima, aliliweka jembe chini akaketi juu ya mpini wake. Aliketi kwa makalio yote mawili. Goti halikucheza. Alikunja khanga magotini, akaanza kuimba kidogo.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, vidole shingoni, nikijipapasa.

"Na wewe," mama alisema, akapapasa udongo kando yake, "kaa."

Nikakaa. Si kwa muda mrefu, lakini nilikaa.